Kichocheo "hakitumiki"?

Swali: Nahariri makala ya sayansi kuhusu vichocheo yabisi, yaani vitu visivyo kimiminika wala gesi ambavyo huharakisha mmenyuko (badiliko la kikemia), vinavyosaidia kugeuza mabaki ya mimea kuwa nishati safi. Mwandishi kaandika: "Nikeli huharakisha mmenyuko, ila yenyewe haitumiki." Nimeisoma na kuirudia, bado inanikwaza. Kosa liko wapi?

Jibu: Liko kwenye "haitumiki". Msomaji ataelewa kwamba nikeli haimo kabisa katika shughuli hiyo, kisha ashangae inaharakishaje. Mwingine ataelewa kwamba haifai, kama tusemavyo mlango huu hautumiki. Mwandishi alikusudia maana ya tatu: kwamba mmenyuko hauimalizi.

Kisa ni kitenzi kutumia, ambacho kimebeba kazi mbili. Ukitumia fedha, zimekwenda. Ukitumia kisu, unacho bado. Ndiyo maana "fedha zote zimetumika" ni habari mbaya, ilhali "visu vyote vimetumika" maana yake ni kwamba vinangoja kuoshwa tu. Kichocheo kiko kundi la kisu, na mwandishi amekisemea kwa lugha ya fedha. Kuandika "haitumiwi" hakuponyi kitu. Ndiyo kwanza kunazidi kuikana kazi yake.

Mimi ningeandika: "Nikeli huharakisha mmenyuko bila kumalizwa nao." Ungeweza kusema "haiishi", ila kwenye maandishi kanusho la kwisha na la kuishi hufanana, na katika makala inayozungumzia mimea msomaji anaweza kufikiria uhai.

Jihadhari pia na "haibadiliki", hasa kama makala inaeleza vinu halisi, yaani mitambo ya kugeuza mabaki hayo. Mabaki ya mimea yakipashwa joto kali penye hewa kidogo hutoa gesi iliyochanganyika na lami, uchafu mzito unaonata. Nikeli huivunja lami hiyo ikatoa hidrojeni na monoksidi ya kaboni, lakini kaboni hujijenga juu yake kama masizi, na salfa iliyomo kwenye gesi huidhoofisha. Je, imetumika ikaisha? La, imechoka. Masizi yakichomwa kwa hewa, kwa kiasi kikubwa hurudiwa na nguvu zake. Kwa hali hiyo andika "hupungua nguvu" au "hudhoofika", na "kutumika" ukiache pale unapomaanisha kufanya kazi: "nikeli hutumika kuvunja lami". Hapo hakuna wa kukulaumu.

"Yabisi" umeipatia, bila kiambishi. Ungeandika "vichocheo vigumu", nusu ya wasomaji wangedhani unalalamikia somo.