Stenti yenye utando kwa mshipa wa kichwani

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, anaona vitu viwili viwili. Picha zimeonyesha anyurizimu kubwa (uvimbe wa ukuta wa mshipa wa damu) kwenye karotidi, mshipa mkubwa upelekao damu kichwani, nyuma ya jicho la kushoto. Daktari mmoja anataka kumwekea stenti iliyovikwa utando, mwingine anasema uvimbe ujazwe koili, yaani nyuzi za chuma zilizojiviringisha. Tumfuate nani? Na mbona ameandikiwa aspirini wakati mshipa unaweza kupasuka? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Waulizeni wote wawili jambo moja: karibu na mlango wa uvimbe huo kuna matawi gani?

Stenti ya kawaida ni mrija wa wavu mtupu wa chuma unaowekwa ndani ya mshipa. Hii anayotaka kuwekewa mama imevikwa utando mwembamba wa PTFE, aina ya plastiki, kwa hiyo ikishatanuliwa kwa puto, damu haiingii tena kwenye uvimbe. Stenti za kugeuza mkondo wa damu, kama Pipeline iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huchukua miezi kuuziba uvimbe. Koili nazo hubaki ndani, na uvimbe mkubwa uliojazwa chuma unaweza kuendelea kuubana mshipa wa fahamu wa jicho. Kwa mama anayeona viwili viwili, hilo si dogo.

Ubaya ni kwamba utando hauchagui. Tawi lolote lililo chini yake linazibwa. Likizibwa tawi dogo la koroidi ya mbele, linalolisha sehemu za ndani za ubongo, lenye upana wa kama milimita 1 tu, mgonjwa anaweza kuamka amepooza upande mmoja. Likiwa la jicho, uoni uko hatarini. Karotidi inapopita pembeni mwa mfupa, kabla haijatoboa utando wa ubongo, matawi ya maana ni machache. Hapo ndipo stenti hii inapofaa zaidi. Kwenye ateri ya kati ya ubongo, iliyojaa vitawi, mimi nisingeikubali.

Kikwazo kingine ni kona. Utando huifanya stenti iwe ngumu kupinda, na karotidi hapo imejikunja. Zamani zilitumika stenti za moyo, zikawa zinakwama njiani. Stenti iitwayo Willis, ya China, ilitengenezwa mahususi kwa ajili ya kichwa. Stenti ikiwa nyembamba kuliko mshipa, damu hupenya pembeni na uvimbe hauzibiki. Daktari huongeza puto au stenti ya pili. Puto likizidishwa, mshipa unaweza kupasuka mezani.

Kuhusu aspirini: chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hunasa kwenye chuma kipya, na donge la damu likiziba stenti ni kiharusi. Ndiyo maana aspirini huanza siku kadhaa kabla ya stenti, pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, miligramu 75 kwa siku. Baadaye klopidogreli huendelea kwa miezi, aspirini kwa muda mrefu zaidi. Kama uvimbe ungekuwa umeshavuja damu kwenye ubongo, hesabu ingebadilika kabisa.

Ulizeni kama amepimwa iwapo klopidogreli inamfanyia kazi, maana kwa baadhi ya watu ini haliiamshi vizuri. Anatumia omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo? Mwambieni daktari, kwa sababu inaidhoofisha. Pantoprazoli ni afadhali.

SWALI: Nina stenti kichwani. Naweza kupigwa MRI? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kawaida ndiyo, ila mwoneshe mpiga picha kadi ya stenti kwanza. Chuma huficha sehemu ya mshipa kwenye picha, hivyo ukaguzi kamili hufanywa kwa angiografia ya katheta, yaani picha ya mishipa inayopigwa kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuingiza dawa ya rangi. Na ukienda kung'oa jino, usiache vidonge vya kuzuia damu kuganda bila ruhusa ya aliyekuwekea.