Kosa la mstari mmoja, ada ya mwezi mzima

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miezi miwili najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Programu yangu inasoma bei 5 za duka vizuri, kisha inakatika na kuandika "IndexError: list index out of range". Mstari wenyewe ni "for i in range(len(bei) + 1)". Niliomba msaada, nikajibiwa kwamba msingi wangu ni mbovu, nilipie masomo ya mwezi kwa WhatsApp, shilingi 60,000. Nilipe?

JIBU: Marahaba. Usilipe. Futa hiyo "+ 1", ndiyo inayoiambia programu isome nafasi moja zaidi ya zilizopo. Najua uliiweka kwa hofu kwamba bei ya mwisho itaachwa, lakini Python huanza kuhesabu kwenye 0. Bei zako 5 zimekaa nafasi ya 0 hadi 4, wewe ukaenda kugonga mlango wa 5, hakuna mtu. Bora zaidi andika "for bidhaa in bei", hizo namba hutazihitaji kabisa.

Sasa linaloniumiza. Vijana wengi wanaamini ujumbe wa kosa ni matusi ya kompyuta, kazi yake kukwambia hufai. Wananitumia picha ya skrini iliyokatwa palepale kwenye mstari wa chini, na huo ndio wenye jibu! Kwenye Python anza kusoma chini: mstari wa mwisho unataja kosa, mistari ya juu yake inaonyesha lilipotokea, pamoja na namba ya mstari. Ujumbe wako ulishakwambia kila kitu: umevuka mwisho wa orodha.

Hofu hiyo ndiyo mtaji wa matapeli. Mtu hajauliza mstari wa ngapi, hajaona programu yako, tayari ametaja bei. Kijana mmoja aliniletea "kitabu cha siri" alichouziwa. Nilipokifungua nikakuta ni mafunzo yaleyale ya docs.python.org, tovuti rasmi ya maelezo ya Python, ambayo mtu yeyote anayasoma bure. Alikuwa ameuza simu yake.

Walimu wa kulipwa walio wazuri wapo, na jasho lao ni halali. Kabla hujatoa hata shilingi, mwombe mwalimu dakika 10 msome pamoja kosa moja, kisha angalia mikono ya nani iko kwenye kibodi. Akikunyang'anya akaandika mwenyewe, mshukuru, funga kompyuta yako, ondoka.