Jedwali la kuzidisha bado lina kazi yake

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama umhamishie mwanao wa darasa la nne kwenye shule isiyofuata mtaala rasmi, ambako watoto hujichagulia cha kusoma na "hawakaririshwi". Mimi nisingemhamisha.

Mpe hesabu hii: 3/4 + 5/6. Mwenye jedwali kichwani anaiona 12 papo hapo, anaandika 9/12 na 10/12, anapata 19/12, kamaliza. Asiyekuwa nalo anaanza kuhesabu vidole, na akifika kwenye 12 keshasahau alikuwa anatafuta nini. Akili hubeba mambo machache kwa wakati mmoja, na kilichokaririwa vizuri hakiijazi. Kwa hiyo kukariri si adui wa kuelewa, ingawa ukisema hivyo siku hizi unaonekana wa kale.

Kusoma ni vilevile. Mwaka 2000, jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti za usomaji lilikuta kwamba kufundisha herufi na sauti zake kwa mpangilio huwasaidia watoto kuliko kufundisha kwa kurukaruka.

Viboko na vitisho siyatetei, hayo ni mengine kabisa.

Kabla hujalipa ada, omba uone madaftari ya mtoto mmoja ya mwaka mzima. Tazama kama makosa yamesahihishwa, na kama kazi za mwisho wa mwaka ni ngumu kuliko za mwanzo. Wakikuonyesha picha za maonyesho tu, mwache mtoto alipo.