Kutoka cc 2500 mpaka Passo: mwezi wangu wa kwanza na gari ndogo

Wadau, mi ni mtu wa futi sita na kitu, kilo tisini na saba, sasa siku niliyoshuka kwenye Toyota Passo nyeupe pale kijiweni kwetu Makabe, huku Dar, jamaa walicheka mpaka muuza kahawa akasahau kurudisha chenji. Mmoja akauliza shemeji yuko wapi, mbona leo kakuazima gari yake. Nikacheka nao, ningefanyaje, si ndo maneno niliyokuwa nawaambia wengine miaka yote niliyokuwa naendesha gari ya silinda sita.

Nikisema gari mpya tuelewane kwanza. Mpya kwa maana ya namba E, yaani usajili wa hapa nchini ni wa karibuni, imetoka bandarini juzijuzi, ila huko Japani imetembea toka 2012. Injini ni cc 996, na hapo ndipo hesabu yangu ilipoanzia, maana ushuru wa bidhaa unaohesabiwa kwa ukubwa wa injini kwa gari isiyozidi cc 1000 ni sifuri, ukivuka hapo tu unaanza kulipa asilimia 5. Kodi ya uchakavu iko palepale, gari ikizidi miaka 8 hukwepi, na ushuru wa forodha na VAT vinakusubiri kama kawaida. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa mamlaka ya mapato, kabla hujamtumia mtu hela, usikadirie kwa kuuliza jirani alilipa ngapi mwaka juzi.

Haya, siku ya kwanza. Unawasha gari, mama wa Kijapani anaanza kuongea. Kila asubuhi, sentensi ileile, sauti ya upole kama nesi. Mwanangu wa darasa la tatu akawa anamjibu "marahaba". Nikaja kugundua ni kile kidude cha malipo ya barabara za kulipia kule kwao, anachosema ni kwamba kadi haijawekwa, basi. Ukichoka naye mwambie fundi umeme akichomoe, mi nimemwacha kwa sababu mtoto kakataa. Redio nayo inaishia tisini kwa sababu FM ya Japani ni ya chini kuliko yetu, kwa hiyo unapata stesheni mbili tatu zilizoko chini ya hapo na zingine zote huzioni, dawa yake ni kifaa kidogo cha kuongeza masafa kinachofungwa nyuma ya redio au unabadilisha redio nzima.

Kitu kilichonitoa jasho ni kile cha kujizima. Niko Ubungo, foleni imesimama, nimekanyaga breki, mara injini kimya. Nikajua tayari nimepigwa, moyo ukaenda mbio, nyuma daladala inapiga honi kama nimeiba kitu. Nilivyoachia breki nigeuze funguo ikawaka yenyewe. Kumbe ndivyo ilivyotengenezwa, ikisimama inazima kuokoa mafuta. Kwa foleni za Dar hii kitu mi siipendi, kwa sababu injini ikizima kompresa ya AC nayo inazima na ndani ya dakika mbili unapulizwa joto, alafu betri ya gari za hivi ni ya aina yake na bei yake sio ya betri ya kawaida. Kuna kitufe kimechorwa herufi A imezungushiwa mshale na neno OFF. Nakibonyeza kila asubuhi kabla sijafunga mkanda.

Sasa mtetemo. Mtu aliyezoea silinda sita akikaa kwenye silinda tatu lazima akimbilie gereji. Gari ikiwa imesimama kwenye D unausikia mpaka kwenye usukani, mtetemo mdogomdogo kama simu iko kwenye saileni. Nikaenda kwa fundi, hakuigusa hata bonet, akasema maunting za injini, zile raba zinazoishikilia, zimekufa na plagi zimechoka, leta hela. Maunting nikasema subiri, plagi nikakubali. Jioni ananipa risiti: plagi 4. Nikamwambia fundi, gari ina silinda ngapi? Akasema nne boss, kama zote. Nikafungua bonet mwenyewe nikamwonyesha koili tatu. Akakuna kichwa, akasema ile ya nne ni ya akiba. Aisee. Jioni hiyo nikaenda kukaa kwenye gari ya jirani, Vitz ya cc 1000 yenye injini hiyohiyo ya 1KR, na yenyewe inatetemeka vilevile na haijawahi kumsumbua. Kwa hiyo mtetemo ule ni tabia ya injini, na hela ya maunting iko mfukoni mpaka leo.

Ndo maana nawaambia watu, ukinunua gari ndogo kaa nayo mwezi kabla hujaibadilisha kitu. Oili ndio mwaga siku hiyohiyo, na weka 0W-20 kama kitabu kinavyosema, inachukua kama lita 3, usikubali ile nzito ya dumu ambayo mafundi wetu wanaweka kwenye kila kitu kuanzia Fuso mpaka jenereta. Giaboksi ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake, mtu akija na haidroliki nyekundu mfukuze kwa heshima. Na ukifungua mlango wa dereva angalia pale kwenye fremu, gari nyingi zinakuja na kistika cha gereji ya Japani kinachoonyesha oili ilimwagwa lini na kilomita ngapi. Yangu imeandikwa mwaka 4, nikashangaa mwaka 4 gani, kumbe ni mwaka wa enzi ya Reiwa iliyoanza 2019, yaani 2022. Kilomita zilizoandikwa pale zikiwa kubwa kuliko zilizoko kwenye dashibodi, hapo umeuziwa gari ambayo saa yake ya kilomita imerudishwa nyuma.

Tukija kwenye kimo, hapa ndo nilishauriwa na kila mtu mpaka muuza chipsi. Barabara yetu ya ndani Makabe mnaijua wenyewe, mvua ikinyesha ni korongo. Wiki ya kwanza nimekwangua tuta la pale shule mara nne, ile sauti inaingia mpaka kwenye meno. Wote wakasema inyanyue, weka spesa, weka tairi kubwa. Nilikaribia kabisa, nimeshauliza na bei. Sasa siku moja nikamfuata kwa nyuma dada mmoja ana Passo kama yangu, nikamwona analipanda tuta kwa mshazari, tairi moja kwanza, polepole, breki ameshaachia kabla hajafika juu. Hakugusa. Mi kumbe nilikuwa nalipanda uso kwa uso huku nimekanyaga breki, pua inainama, lazima ikwangue. Toka siku hiyo nikiwa peke yangu sikwangui. Nikipakia watu watano inagusa kidogo kwa nyuma, basi abiria wawili wanashuka tunavuka, wanapanda tena, mama mkwe ndo kakasirika mara moja tu.

Mafuta. Usipime kwa taa, pima hivi: jaza mpaka pampu ikatike, futa tripu iwe sifuri, tembea, rudi kituo kilekile ujaze mpaka ikatike tena, gawanya kilomita kwa lita. Nakaa Makabe kwa ndani, kazi Kariakoo, kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Mara ya kwanza nilipata 13 na kitu kwa lita, nikaudhika kwa sababu niliambiwa 20. Wiki ya pili nimetulia mguu, nikapata 14.6, na hiyo ni AC inawaka muda wote na foleni ya Kimara. Ile gari yangu ya zamani ilikuwa inanipa 7 siku ikiwa na furaha. Kwa siku 26 za kazi natembea kilomita 1,300, zamani zilikuwa lita 186, sasa ni 89. Fanya mwenyewe hesabu kwa bei ya mafuta inayotangazwa na EWURA mwezi huu, mi nikiifanya nakuwa na hasira na miaka iliyopita.

Safari ndefu nimeenda moja, Morogoro. Ilinipa 18. Ila nisikudanganye, ukifika kule Chalinze na malori hii gari inakufundisha adabu. Basi likikupita unasikia gari nzima imesukumwa pembeni, na kuovateki lazima upange toka mbali, ukikanyaga inalia weee kama blenda alafu mwendo unakuja baadaye. Nilikuwa nazima AC kabla ya kuovateki, inasaidia kweli. Kingine ni kwamba haina mshale wa temperecha, kuna kitaa cha bluu injini ikiwa ya baridi na chekundu ikishachemka, katikati hapo hakuna taarifa. Kwa hiyo kulanti nacheki kila Jumapili injini ikiwa imepoa, na nikiwa safarini nacheki na asubuhi kabla ya kuondoka.

Nafasi mbele wala usihofu, hata kwa urefu wangu kichwa hakigusi, na kwa kuwa gia iko kwenye dashibodi na hendibreki ni ya mguu unaweza kutokea mlango wa kushoto bila sarakasi, Kariakoo hiyo ni neema. Anayekaa nyuma yangu ndo anaumia.

Kilichonisumbua mpaka juzi ni mlio wa nyuma kulia, kwenye rafu unasikia ko-ko-ko. Fundi wa kwanza kasema shokapu zote mbili, wa pili kasema bushi, na wote walishanipa bei. Jumamosi naosha gari, nikanyanyua lile zulia la kwenye buti nitoe mchanga, nikaikuta jeki imelegea kwenye kishikizo chake. Nimeifunga na kitambaa cha leso ya zamani ya mke wangu. Kimya.