Ukalimani huku kusini: Kiingereza hakikuniangusha, Kiswahili ndicho kilichoniangusha

Mleta mada, umesema umeitwa usaili wa kuwakalimania wageni wa mradi Lindi, na unauliza kama Kiingereza cha kidato cha sita kinatosha. Kinatosha, mkuu. Mimi nilifanya kazi hiyo Mtwara vijijini kuanzia 2012, miaka miwili na kitu, na Kiingereza hakikuwahi kuniaibisha. Kilichoniaibisha ni Kiswahili changu mwenyewe, tena neno dogo kabisa: ndiyo.

Tulikuwa upande wa Madimba, tunahakiki fidia za mikorosho iliyokatwa kupisha magari ya upimaji. Mgeni wangu alikuwa Mskoti, mtu wa utaratibu, fomu mkononi na kalamu sikioni. Tukafika kwa mzee mmoja, anachonga mpini wa jembe barazani. Shikamoo, marahaba, habari za hapa, tukaketi. Mgeni akataka nimuulize kama bado hajalipwa. Nikauliza, "Mzee, hujalipwa?" Akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Nikamgeukia mgeni, nikasema "yes". Akaweka alama ya vema kwenye mstari wa waliolipwa. Tukaaga, na dafu nikanywa.

Hebu itazame vizuri. Kwetu ukiulizwa "hujalipwa?" ukasema ndiyo, umekubaliana na aliyeuliza: ni kama ulivyosema, sijalipwa. Mwingereza hajali swali limegeukia wapi. Kwake "yes" ni kalipwa, "no" ni hajalipwa, basi. Mimi nilihamisha neno nikaacha maana barazani kwa mzee.

Mwezi na nusu baadaye yule mzee alinifuata mjini kwa bodaboda. Wenzake wote walikuwa wameshaitwa ofisi ya mtendaji kulipwa. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nilikukosea nini?" Hapo ndipo nikajua kijiji kizima kinaamini nimekula hela yake. Na ukifungua faili, vema ipo, tarehe ipo, na sahihi ya mkalimani ni yangu. Ilichukua barua tatu na msimu mzima wa korosho mpaka hela ikatoka. Tangu siku ile siulizi swali lenye "hu-" wala "ham-" nikiwa kazini. Nauliza, "Umelipwa, au bado?" Mtu akisema "bado", hakuna wa kupotea hapo.

Jingine ni pole. Barabara ya kwenda Msimbati gari letu liligonga mbuzi wa mama mmoja. Watu wakajaa, si kwa shari, kutazama tu. Nikamnong'oneza mgeni: sema pole. Akauliza maana yake, nami kwa haraka nikamwambia "sorry". Akagoma! Kwenye kampuni yao walifundishwa kwamba ajali ikitokea usilitamke neno hilo, wasije wakakuhesabia umekiri kosa. Basi akasimama kimya, mikono nyuma, anangoja kutajiwa bei. Alilipa pale pale, tena kwa kuzidisha, lakini yule mama alikuwa hamlilii mbuzi tena. Alikuwa anawauliza majirani, "Huyu hana mdomo?"

Na kosa lilikuwa langu. Pole hata haiulizi nani kakosea. Anapewa aliyefiwa, anapewa aliyeumwa na nyuki, anapewa aliyetoka tu shamba na jembe begani. Wiki chache nyuma gari hilo hilo lilikwama mchangani, watoto wakapita wanatupa pole mmoja mmoja, na Mskoti akaniuliza kwa wasiwasi wamefanya nini kwenye gari. Nilicheka nikaliacha lipite. Laiti ningemweleza siku ile kwamba pole ni kumwonyesha mtu umeyaona yaliyompata, kwa mbuzi angeisema mara kumi.

Ukipangiwa kuzungumzia ardhi, kaa macho na mjomba. Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa desturi tunafuata ukoo wa mama. Siku hizi mambo yamechanganyika, lakini shamba likitajwa desturi huwa inaamka. Kuna baba alituambia "sawa, ila mjomba wao asikie". Nikatafsiri neno kwa neno, mgeni akadhani ni jamaa tu anapelekewa taarifa, na ile "sawa" akaiandika kuwa makubaliano. Kumbe shamba ni la ukoo wa mke, na huyo mjomba wa watoto ndiye mwenye kauli. Alipokuja kesho yake, tulianza upya kuanzia salamu. Na "sawa" yenyewe, mara nyingi ni "nimekusikia", haijafika "nimekubali".

Saa sigusi, kila mtu ameshaumia na saa mbili yetu ya asubuhi, ambayo kwa mgeni inageuka usiku wa manane.

Ila hii lazima niiseme. Mwaka 2013, watu walipokuwa wanapinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, mgeni mmoja aliona maneno "Gesi haitoki". Alikuwa na kamusi ya mfukoni. Akanijia mbio kuuliza ni kisima kipi cha gesi huko Mnazi Bay kimeziba! Nikamwambia visima ni vizima, watu ndio wamekataa. Kwa jambo hilo kamusi haikumsaidia, na bomba nalo halikumsikiliza mtu, lilikamilika 2015.

Kwenye usaili wakikupa maandishi utafsiri, tafsiri. Wakikuuliza una swali gani, waulize kama mkalimani anaruhusiwa kusimamisha mazungumzo na kusema "ngoja, hapa hamjaelewana". Mimi sikuruhusiwa, niliambiwa nisiongeze neno. Wakikujibu hivyo hivyo, omba mshahara mkubwa zaidi.

Yule mzee yupo bado, masikio mazima na maneno mengi. Mwaka juzi nilipita kumsalimia, nikajisahau nikamuuliza, "Mzee, huna kinyongo na mimi?" Akaweka mpini chini, akanitazama, akasema, "Ndiyo." Kisha akacheka mpaka akakohoa, akamwambia mjukuu wake, "Mletee dafu, ila mwulize kwanza: hanywi?"