Maswali na majibu: herufi bubu, "two" na "too", na orodha za kukariri

Shikamoo mwalimu. Kwa nini "knife" inaandikwa kwa "k" ambayo haitamkwi? Tunapoteza alama bure. Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro.

Marahaba. Zamani waliitamka. "Knife", "knee" na "know" zilianza na sauti ya k inayosikika, na sauti hiyo ikafifia mnamo karne ya 17. Wakati huo vitabu vilivyochapwa, kazi ambayo William Caxton aliianzisha Westminster, Uingereza, mwaka 1476, vilikuwa vimeshawazoesha watu namna moja ya kuandika. Ulimi ukabadilika, maandishi yakabaki.

"B" ya "debt" ina kisa kingine. Neno lilitoka Kifaransa bila b. Wasomi ndio walioipachika ili lifanane na "debitum" ya Kilatini. Leo b hiyo inakufaa, maana inakuonyesha kwamba "debt" ni ndugu wa "debit" unayoikuta kwenye karatasi za benki. Hata "g" ya "sign" iko kimya, lakini kwenye "signature" inasikika waziwazi. Ukikutana na herufi bubu, mtafute ndugu yake kwanza. Utapata tahajia na neno jipya kwa mpigo mmoja.

Nachanganya "to", "too" na "two", pia "there" na "their". Nifanyeje? Karani, Dodoma.

Maneno haya yanasikika sawa, kwa hiyo tegemea jicho. "Two" ina tw pamoja na "twin", "twice" na "twenty", na yote yana habari ya mbili ndani yake. "Too" ina o ya ziada, na maana zake ni "pia" au "kupita kiasi". "There" imebeba "here", kama ilivyo "where". Yote matatu ni ya mahali. Ndani ya "their" kuna "heir", yaani mrithi, mwenye mali. Hapo hakuna undugu wa kweli, ni kumbukizi tu, lakini inasaidia.

Binti yangu anakariri maneno ishirini kila usiku. Baada ya siku mbili hakumbuki hata matano. Je, ana tatizo? Mama wa kidato cha kwanza, Tanga.

Hana tatizo lolote, mama. Tatizo ni orodha. Watoto wetu wengi wanasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza, na hofu hiyo ndiyo inayozaa orodha ndefu. Inaniuma, kwa sababu neno lililokaririwa peke yake halina pa kushika. Chukua "fine". Kwenye orodha litaandikwa "nzuri". Akisoma "the driver paid a fine" atadhani dereva alilipa vizuri, kumbe ametozwa faini, neno ambalo Kiswahili kimelichukua kutoka hukohuko. Vitawe vya namna hii ni vingi mno: "bank" ni benki na pia ukingo wa mto.

Mpunguzie hadi maneno matano. Kila neno alitungie sentensi ya maisha yake, ya sokoni, ya nyumbani, ya rafiki yake. Kisha mpe imla ya sentensi nzima, si ya neno moja moja. Ukimtajia "write" peke yake naye akaandika "right", amekosea nini? Ni sentensi tu inayoweza kumwambia lipi linatakiwa. Baada ya wiki, yarudieni yale ya zamani kabla ya kuongeza mapya.

"Ship" na "sheep" zinanishinda. Muuza duka, Mombasa.

Kiswahili kina irabu tano tu, ndiyo maana vitate hivi vinatusumbua wengi. Shikilia tahajia: "ee" karibu kila mara huvutwa, kama "feet" na "sleep", lakini "i" ya "ship" ni fupi, haivutwi.

"Colour" au "color"? Mwanafunzi, Iringa.

Zote ni sahihi. "Color" ni ya Marekani, na Noah Webster aliipa nguvu kwa kamusi yake ya 1828. Shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo andika "colour", na usizichanganye ndani ya insha moja.