Wazee watatu, watoto wawili, siku nne: safari ya Nakuru na Kisumu tuipangeje?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Kakamega. Likizo hii ya Agosti tunataka kuwatembeza wazazi wetu pamoja na watoto. Tutakuwa saba: sisi wawili, mtoto wa miaka 2 na mwingine wa miaka 4, mamangu wa miaka 69 anayesumbuliwa na magoti, na wazazi wa mume wangu. Baba mkwe ana miaka 74 na humeza dawa za presha. Tutakodi vani, mume wangu ataendesha. Nimepanga hivi: Alhamisi tufike Nakuru na jioni tupande volkano ya Menengai. Ijumaa tuizunguke Mbuga ya Ziwa Nakuru hadi maporomoko ya Makalia, kisha kilima cha mabaki ya kale cha Hyrax Hill. Jumamosi tuje Kisumu kupitia Kericho, tuingie hifadhi ya wanyama ya Impala na tuone jua likitua ufuoni Dunga. Jumapili makumbusho, mwamba wa Kit Mikayi, kisha nyumbani. Je, inawezekana? — Mama wa Wawili, Kakamega

Jibu: Dada, umefanya vyema kuuliza kabla hujalipia hoteli. Ratiba hiyo mnaiweza wewe na mume wako mkiwa peke yenu. Kwa msafara wa watu saba ulionieleza haiwezekani, na Ijumaa ndiyo itakayowaangusha. Ondoa karibu nusu yake. Nitakwambia ningeacha nini na kwa nini.

Katika kazi hii ya kuendesha familia mbugani nimeona kwamba mzee na mtoto mdogo hawapishani saa kama watu wanavyodhani. Mamako ataamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa, na wa miaka 2 naye atakuwa macho. Ikifika saa tano wote wawili wamechoka, saa saba wanasinzia, saa kumi wamechangamka tena, na saa mbili usiku kila mmoja anatafuta kitanda. Wanaoivuruga siku ni sisi wa katikati. Tunachelewa kulala, tunachelewa kutoka, halafu tunataka kufidia kwa kutembea mchana kutwa. Kwa hiyo fuateni saa ya mamako na ya kitinda mimba wako. Kila siku iwe na jambo moja kubwa, nalo liwe la asubuhi. Jioni iwe na jambo dogo ambalo likiachwa hakuna atakayelililia.

Haya niliyajua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichukua familia moja nikaizungusha mbugani tangu saa moja asubuhi hadi saa nane, kwa sababu watoto walitaka simba. Nyanya yao alikaa kiti cha nyuma, kimya, akitabasamu kila nilipomtazama kwenye kioo. Tuliposimama alishindwa kuinuka. Midomo ilikuwa imekauka na macho yamelegea. Chupa ya maji niliyompa asubuhi ilikuwa mapajani mwake, kifuniko hakijaguswa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angekunywa angehitaji choo, naye aliona haya kumsimamisha kijana wa watu kila mara. Alinyweshwa, akalazwa kivulini, akapata nafuu. Lakini ile chupa naiona hadi leo kila ninapompandisha mzee garini.

Kwenu jambo hili ni zito zaidi, maana dereva ni mkwe. Unajua mwenyewe heshima ya kwetu huku Magharibi. Mama hawezi kumwambia mume wa bintiye asimamishe gari kwa sababu ya choo. Atavumilia hadi Nakuru. Basi usingoje aombe. Kabla ya kuwasha gari mume wako atangaze kwamba atasimama kila baada ya saa moja na nusu, awepo anayehitaji au asiwepo, na asimame kweli. Mkisimama, shuka wewe kwanza na mtoto mkononi, useme unampeleka msalani. Mamako atakufuata bila mtu kumwuliza lolote.

Kuhusu baba mkwe: baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini kupitia mkojo, na saa chache baada ya kuzimeza mtu huenda haja mara nyingi. Asiache dawa kwa ajili ya safari, wala asijibadilishie saa mwenyewe. Amwone daktari wake wiki moja kabla ya kuondoka, amweleze kuwa Ijumaa atakuwa garini tangu alfajiri, aambiwe ameze saa ngapi. Dawa zikae kwenye mkoba wako wa mkononi. Zikiwekwa ndani ya sanduku zitakuwa chini ya mizigo yote siku mtakapozihitaji.

Sasa viti. Watu wengi humpa babu kiti cha mbele kando ya dereva wakidhani ndiyo heshima. Katika vani nyingi kiti hicho kiko juu kabisa ya gurudumu la mbele, na kukifikia lazima anyanyue goti karibu na kifua. Kile cha nyuma kabisa nacho hurushwa na kila shimo. Palipo na utulivu ni katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yaani safu iliyo nyuma tu ya dereva. Hapo waketi wenye magoti na wenye presha, na mamako awe upande wa mlango. Kijana wa miaka 4 na mdogo wake wafungwe mikanda kwenye viti vya watoto. Najua nyanya atataka kumpakata mjukuu. Ampakate gari likiwa limesimama. Breki ya ghafla ikipigwa hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto. Na mwombe mwenye vani kreti tupu ya soda. Mimi huipindua chini ya mlango, nikatandika juu yake kipande cha mkeka ili mguu usiteleze. Ngazi ndefu moja inakuwa ngazi fupi mbili, na mzee anashuka akiwa ameshika mlango, bila kubebwa kama gunia.

Alhamisi iacheni iwe ya barabara tu. Kutoka Kakamega kupitia Kisumu na Kericho ni zaidi ya kilomita 200, na kwa vituo nilivyosema safari itachukua muda wa saa sita au zaidi. Mkiondoka saa moja asubuhi mtafika mapema alasiri, mtakuwa mmepita Salgaa na malori yake mchana kweupe, na wazee watapata kujinyoosha kabla ya chakula cha jioni. Menengai siku hiyo hapana. Beba sweta mahali pa kufikiwa kwa mkono, kwa maana Mau Summit iko juu ya mita 2,400 na Agosti upepo wake unauma. Huko juu ndiko watoto hulia bila sababu inayoonekana: masikio yameziba. Mpe mdogo kikombe cha uji anywe kidogo kidogo mnapopanda na mnaposhuka. Kumeza huzibua masikio.

Ijumaa ndiyo siku kuu ya safari yenu, kwa hiyo niivalie njuga. Malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa fedha taslimu mkononi. Lipeni usiku wa kuamkia siku hiyo ili asubuhi msikwame langoni mkitafuta mtandao na mtoto analia, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili; muwe hapo saa kumi na mbili unusu. Wanyama wako nje, jua halijachoma, na watoto wako katika saa yao nzuri. Chai ya rangi, mandazi, mayai ya kuchemsha na ndizi vitoke hotelini mkiwa navyo. Maji yawe kwenye chupa za kudumu: tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumika mara moja, mirija na vikombe vya kutupa haviruhusiwi katika mbuga za taifa. Ile juisi ya mtoto ya kibokisi chenye mrija iacheni hotelini.

Mbuga ina kilomita za mraba 188, na maporomoko ya Makalia yako mwisho wake wa kusini. Msiende. Kwenda na kurudi kutawamalizia asubuhi nzima barabarani, na wakati wa ukame maji huwa haba. Msijaribu kulizunguka ziwa lote pia. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda sana hata yakafunika barabara za ufukweni na lango kuu la zamani, kwa hiyo ramani za kale hazitawafaa. Waulizeni askari wa langoni njia ipi inapitika leo, mtembee upande mmoja polepole, msimame.

Kusimama ndiko kunakowashinda wageni wangu wengi. Mtoto wa miaka 2 akionyeshwa faru kwa mbali huona jiwe la kijivu, akaomba biskuti. Lakini zima injini karibu na ngiri na watoto wake, au kundi la nyani wanaochambuana chawa, uone. Atanyamaza robo saa nzima, pua imebanwa kiooni, na babu naye atapata muda wa kueleza habari za nyani na mahindi ya utotoni mwake. Simba akitokea, vyema. Asipotokea, msimkimbize. Paa la vani likiinuliwa, mtoto asisimame kitini gari likitembea, na penye nyani paa lishuke na chakula kifichwe, kwa sababu nyani wa Baboon Cliff, lile genge la kutazamia ziwa, huingia garini bila kubisha hodi.

Kuna mambo mawili ya kuwaambia mapema ili wasivunjike moyo. Mwambie wa miaka 4 kwamba Ziwa Nakuru halina tembo. Kuna faru weupe na weusi, twiga, nyati, pundamilia na kuro, ila tembo hapana. Na mwambie baba mkwe kwamba ziwa lile la waridi alilolijua kwenye kalenda limebadilika. Maji yalipopanda chumvi ilipungua, chakula cha heroe, wale ndege wa waridi, kikaadimika, wengi wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Bado huonekana, lakini asitarajie mkeka wa waridi.

Saa nne unusu muwe mnatoka. Nasema hivyo hata kama ndiyo kwanza mmeambiwa kuna chui mahali. Mle mapema, mapazia yafungwe, wote walale hadi saa tisa unusu. Baada ya hapo mgawanyike. Mume wako na wazazi wake wanaweza kwenda na gari hadi ukingoni mwa Menengai. Bonde lile, kama kilomita 12 kwa 8, linaonekana vizuri bila kutembea sana. Kijana wa miaka 4 akienda ashikwe mkono muda wote, maana ukingo ni mwinuko mkali. Wewe baki na mamako na mdogo. Sikushauri kuwaachia wazee watoto wote wawili hotelini ili nyinyi mtoke, hasa penye bwawa la kuogelea. Goti bovu haliwezi kumfukuza mtoto wa miaka 2. Hyrax Hill niliipenda sana nikiwa mwanafunzi, lakini ni ya kupanda kwa miguu, iacheni.

Jumamosi ondokeni saa mbili. Saa tano hivi mtakuwa Kericho, mteremke kando ya mashamba ya chai watoto wakimbie kabla ya mvua ya alasiri, ambayo kule ni kama ada. Mkila hapo saa sita, usingizi wa mchana utawakuta njiani kuelekea Ahero, na mtakuwa Kisumu kabla ya saa tisa. Mtakuwa mmeshuka zaidi ya mita 1,200 kutoka Mau Summit. Joto litawapiga ghafla: masweta yatoke, maji yanywewe, wazee waoge na wapumzike. Jioni ni kuketi tu penye upepo wa ziwa.

Impala iwe Jumapili asubuhi. Ni hifadhi ndogo ya tangu 1992, mnaingia kwa miguu, swala wako wazi na simba yumo kizimbani, kwa hiyo yule kijana aliyemkosa Nakuru atamwona hapa. Baba mkwe akichoka atapata pa kuketi na kulitazama ziwa. Kisha Dunga kwa chakula cha mapema. Kwa watoto agizeni samaki aina ya mbuta (sangara) aliyetolewa miiba. Ngege (tilapia) ni mtamu ila vimiiba vyake ni vyembamba kwa koo la mtoto. Miguu yao isiingie ziwani, hata pale penye mchanga mzuri, kwa sababu ya kichocho. Mkitoka hapo saa saba, watalala kilomita 50 zote hadi Kakamega.

Makumbusho na Kit Mikayi si za safari hii. Kit Mikayi iko kilomita 29 tu kutoka Kisumu, mnaweza kuiendea Jumamosi yoyote na kurudi mchana huohuo. Siku hiyo mchukueni mamako peke yake na watoto, na ile kreti.